Picha ya Kuchuchumaa

Hapana, hawakuuiba. Funga mdomo, najua ulitaka kuniuliza habari za mguu wa babu yako Maduhu. Tangu walipokuleta hapa kwangu Bariadi na hilo paja lenye chuma, kila anayekuja kukuona anakuinamia sikioni: "Jihadhari na watu wa utafiti, ndio waliomkata mguu kaka wa huyu bibi, wakaenda nao maabara." Nawasikia. Meno yamekwisha, masikio bado ninayo.

Sasa wewe umekubali kuingia kwenye utafiti wao, na kesho yule dada wao anakuja kukuuliza hali. Tulia, mwanangu, nikwambie kabla hujamjibu. Kuna siku moja imenikaa kichwani, hainitoki hata nikiwa nasali.

Maduhu alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Tulikuwa tunakaa upande wa Bukundi, ng'ombe na pamba. Mimi wakati huo najitwisha gunia mwenyewe, siombi mtu msaada. Siku ya kuogesha ng'ombe, dume likambana kwenye nguzo za josho, paja likavunjika. Hospitali wakampasua, wakamtia chuma ndani ya mfupa kama wewe. Halafu daktari akamwomba: tunafuatilia watu wenye chuma hiki, nani anapona upesi, nani anachelewa, na kwa nini, ili atakayevunjika baadaye tujue namna ya kumtibu vizuri zaidi. Unakubali tukufuatilie? Akakubali kwa mdomo wake. Hakulazimishwa na mtu.

Aliyekuwa anakuja kumwona ni kijana mmoja wa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Ngoja nimuige, alikuwa anaongea haraka kama anafukuzwa na nyuki. "Shikamoo mzee! Mzee unaendeleaje? Maumivu, tuseme kuanzia sifuri mpaka kumi, ya kwako yako ngapi?"

Maduhu sauti ilikuwa inatokea huku chini tumboni. "Mhola."

"Mhola ni ngapi, mzee?"

"Mhola ni mhola, kijana, salama tu. Mama watoto, kuku mmeshamkamata?"

Halafu kijana anasema, sasa mzee chuchumaa mpaka chini, halafu tabasamu, nikupige picha. Ndiyo kipimo chao. Mfupa ukishaunga mtu anachuchumaa, na asiyeumia anaweza kucheka akiwa kule chini. Maduhu akamtazama. "Nichuchumae kama bibi harusi anasalimia wakwe?" Tulicheka mpaka mkewe Holo akamwaga maziwa. Lakini akachuchumaa, akacheka, picha ikapigwa. Na picha ile ya kwanza, mwanangu, ilikuwa ya kweli. Mguu ulikuwa unapona.

Kijana akamwonyesha kwenye simu. "Mzee, hii nitawaonyesha wenzako kule wodini, wapate moyo." Ewe! Kaka yangu akavimba kichwa. Akawa anapita kwa majirani: "Mnaniona? Mimi ndiyo picha ya hospitali."

Baadaye pale kwenye kovu pakatoboka. Kitundu kidogo tu, unaweza kukiziba kwa punje ya mtama. Kikaanza kutoa maji, maji yakawa usaha. Holo anaosha kwa maji ya chumvi, anafunga kitambaa. Nikamwambia Maduhu, namba ya kijana tunayo, alisema tupige saa yoyote. Akanijibu: "Mtu anatoka mbali kote huko anakula vumbi, nimpokee na habari ya usaha? Huyu ni mgeni."

Na wewe umekulia hapa hapa, unatujua. Mgeni akiuliza habari kwenye salamu, unasema mhola, hata kama ndani kuna mgonjwa hajiwezi. Atapewa maji, atakula, atapumzika, ndipo utamweleza kinachokuumiza. Sasa yule kijana maswali yake yote alikuwa anayauliza kwenye salamu. Akishakula kuku, anawasha pikipiki. Na Maduhu naye hasemi. Mhola inakwenda na vumbi mpaka hospitali, inawekwa huko kama jibu la mguu.

Asubuhi moja nikaenda zizini kukamua. Nikamkuta amejishikiza kwenye mti wa zizi, anajishusha polepole, jasho linamtiririka na jua halijawaka. Akifika chini anatoa meno. Anaganda hivyo. Anajivuta juu, anarudia. Alikuwa anajifunza kucheka, mwanangu. Ng'ombe wanamtazama. Mimi ninayecheka hata matangani, siku ile sikucheka. Nilirudi na kibuyu kitupu.

Kijana alipokuja mara ya mwisho, Maduhu alikuwa ameshameza vidonge vya maumivu, amefunga vitambaa viwili, juu amevaa suruali ndefu ya kanisani. Na siku ile alikuwepo shangazi yetu kutoka Mkula, dada wa baba, aliyetulea wote wawili. Macho yake yalishaingia ukungu, alikuwa anatujua kwa sauti. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kijana akauliza yake. Mhola. Akamwambia achuchumae. Maduhu akashuka. Kijana akainua simu, "Safi sana, mzee wangu, hapo hapo!"

Ndipo shangazi akasema neno. Sikwambii kwanza.

Suruali ikapandishwa, vitambaa vikafunguliwa. Hapo kijana simuigi. Alipiga magoti kwenye mavumbi akashika kichwa. Siku ile ile akamtafutia gari. Hospitali wakaosha, wakatoa chuma, wakaosha tena. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa, na homa inampanda. Daktari akamwambia: mzee, mguu au roho. Akachagua mwenyewe, akili zake timamu. Na mguu tulipewa sisi. Niliubeba kwenye kitenge changu, tukauzika nyuma ya zizi, mimi na Holo. Kwa hiyo akija tena huyo wa kukunong'oneza habari za maabara, mwambie aje kwangu nikamwonyeshe mahali.

Daktari hakutugombeza. Alisema tu, kitundu kile mngetuita kilipoanza, huenda mguu angekuwa nao. Na kijana alirudi kwa wagonjwa wake wote, nyumba kwa nyumba. Safari hii anakula kwanza, anapumzika, halafu anasema, "Sasa mzee, salamu zimekwisha, nionyeshe kovu kwa macho yangu." Akakuta Maduhu hakuwa peke yake kuficha.

Basi, mwanangu, kesho dada yule akija, mhola zako zote zimalizie kwenye salamu. Akikuuliza mguu, heshima weka pembeni. Panauma, sema panauma. Panatoka maji, fungua aone. Hujamtukana mgeni, hujalalamika, hujawa mwanaume nusu. Yule anakusanya majibu kwa ajili ya mtu ambaye leo ni mzima na anakimbia. Akivunjika, watamtibu kwa kufuata ulichosema wewe. Utafiti ukikuchosha, waambie umeacha, ni haki yako, na dawa utapewa vile vile. Lakini usikae ndani yake unadanganya kwa adabu.

Mungu aliyekuokota chini ya ile pikipiki iliyokuvunja paja akukaushe kidonda, akuunge mfupa, ukanyage ardhi kwa miguu miwili mpaka uwe mzee msumbufu kama mimi. Na akupe mtu wa kukwambia ukweli siku wewe mwenyewe ukishindwa kuusema.

Eeh, shangazi. Ngoja nikae vizuri, sauti yake inatokea puani. Maduhu yuko chini, amechuchumaa, meno yote nje, anatetemeka. Simu imeinuliwa. Shangazi akageuza uso upande aliko, akavuta pumzi, akavuta tena, akasema:

"Maduhu, umeoza. Unamchekea nani?"