Sauti ya Kizuizini Niliyomtolea Kato

Je, siku ile nilitaka kuthibitisha kwamba mchezo wangu unaweza kutisha, au nilitaka tu kumwona Kato akitetemeka? Nimejiuliza hivyo tangu miaka ya themanini, hapa hapa Stockholm, na jibu la kweli sijalipata. Ninachojua ni kwamba kosa lilikuwa langu, na nilipanga kulitenda nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa chuo kikuu, na wakati ule nilikuwa nimeshavuka arobaini. Wenzangu walicheza karata. Mimi nilibuni michezo ya kuigiza mezani. Watu huizunguka meza, kila mmoja akajifanya mhusika fulani, dadu zikaamua bahati yake, na msimamizi akasimulia yanayowapata. Wangu niliuita Foleni ya Jua. Ni mji ambao serikali imelifungia jua ofisini na inaligawa kwa kibali. Raia wote wamo kwenye foleni, kila mtu na kibao chake cha namba, na njia pekee ya kusogea ni kumchongea aliye mbele yako.

Tulicheka, jamani! Kila Jumamosi mchana kwangu Fittja, pembezoni mwa Stockholm, tulicheka hadi tukashika mbavu. Maofisa wa mji niliwapa Kiswidi, kile cha upole cha madirishani mwa ofisi: "Nästa!", yaani anayefuata, na hakuna aliyewahi kuhudumiwa. Rose, nesi kutoka Kenya, hakuwa na huruma. "Huyu ameota jua bila kibali!" alikuwa akipiga kelele. "Mwandikeni haraka, mimi nisonge!" Mara nyingi aliyechongewa alikuwa mumewe mwenyewe, Kato.

Kato alikuwa Mganda, na rafiki yangu kuliko wote. Kwao jina hilo hupewa pacha anayezaliwa wa pili; wa kwanza huitwa Wasswa. Rose aliambiwa kwamba Wasswa alikufa kwa malaria. Mimi niliujua ukweli, kwa kuwa Kato alinisimulia tulipokuwa tukisubiri basi kwenye theluji. Askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani wakamwuliza, kwa Kiswahili chao cha kambini, ndugu yake yuko wapi. Naye akanyoosha kidole kuelekea nyumba ya shangazi yao. Wasswa hakuonekana tena.

"Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya bunduki," aliniambia. "Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba kinaweza kuchekesha pia."

Maneno hayo nilipaswa kuyatunza kama amana. Ole wangu!

Jumamosi moja alikuja Mswidi mwenye duka la michezo, mtu aliyekuwa akichapisha michezo ya wabunifu wasiojulikana. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kwa miaka. Katikati ya mchezo Kato akaweka dadu chini, akatabasamu.

"Ndugu Mtanzania," akasema, "jehanamu yako ni foleni ya sukari tu! Wewe serikali mbaya umeisoma kitabuni, ssebo, bwana wangu. Umeona nini hasa? Duka limefungwa?"

Rose akaangua kicheko. Halafu Kato akamtafsiria mgeni kwa Kiswidi, neno kwa neno, na mgeni akacheka kuliko wote. Wakati wa kuondoka alimwomba Kato anisaidie kuutia mchezo "uzito kidogo". Kato! Mtu ambaye hajawahi kubuni hata kitendawili!

Moyo wangu ulichemka. Nilitabasamu, nikammiminia kila mtu chai, na papo hapo nikaanza kuandaa kisasi. Nilimwalika mgeni arudi. Nikiwa peke yangu jikoni nilijifunza ile sauti ya askari wa kizuizini, nikiikaza hadi ikanitisha mwenyewe.

Siku ilipofika, mhusika wa Kato alifika dirishani. Alisubiri ile "Nästa!" huku tayari akitabasamu. Nikasimama, nikapiga meza kwa kiganja.

"Wewe! Kuja hapa! Ndugu yako iko wapi? Onyesha na kidole!"

Dadu zilimdondoka. Mkono wake ukainuka wenyewe, kidole kikaelekea ukutani.

"Mchongee basi, baba!" Rose alicheka. "Utasogea mbele!"

"Kwa shangazi," Kato akanong'ona. "Yuko kwa shangazi."

"Nani yuko kwa shangazi?" Rose akauliza.

Rose akautazama ule mkono, kisha akanitazama mimi, kisha mumewe. "Kato. Wasswa si alikufa kwa malaria?"

Na mimi? Ningependa kuandika kwamba nilijuta hapo hapo. La! Nilishiba. Nilisema moyoni: sasa sema tena kuhusu sukari.

Kato alichukua koti akatoka bila kulifunga. Mswidi, ambaye hakuelewa neno hata moja, alipiga makofi. Alisema hajawahi kuogopa namna ile mezani, na kwamba atauchapisha mchezo, mradi tukio hilo libaki.

Rose hakurudi nyumbani kwao Hjulsta na mumewe. Alikwenda kwa dada yake Hagsätra. Jioni ya siku iliyofuata akanipigia simu. "Uongo wake nitajua la kufanya nao," alisema. "Lakini wewe, shemeji, ulikijua kidonda ukakitia kidole watu wakicheka." Akakata.

Ndugu msomaji, ukiaminiwa siri, usiigeuze silaha siku utakapochekwa! Aibu yangu ingekwisha baada ya vikombe viwili vya chai. Ile niliyomvisha Kato haina mwisho. Simu ile ilipokatika nilikwisha kuamua.

Asubuhi yake nilipanda treni hadi Hjulsta, mwisho wa reli, nikiwa na sanduku la Foleni ya Jua: ramani, kanuni, dadu, vibao vyote. Nakala nyingine haikuwepo. Kato alifungua mlango. Nikamkabidhi sanduku, nikamwambia ni lake, alichome au alitupe, mwenye duka hatalipata. Nikaanza kuomba radhi.

Alinyanyua kiganja, nikanyamaza. Akalifungua sanduku bila haraka, akachambua vibao, akakipata chenye namba ya mwisho kabisa katika foleni, akakiweka mkononi mwangu.

"Subiri uitwe," akasema kwa Kiswidi, kile cha upole cha madirishani, na akafunga mlango.

Nikakaa kwenye ngazi, kibao mkononi, nikasubiri.