Makumbi kwenye Sailensa ya Mzee Shomari

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, Temeke nzima wameshanicheka wakachoka, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu aliyeitia chumvi. Mie shule niliishia darasa la pili. Gari nilijifunza kwa macho na mikono, kwanza utingo, kisha mfagiaji katika gereji ya Mhindi mmoja mjini, nafagia huku natazama spana za wenzangu zinapita wapi, mpaka kazi ikaniingia. Sikumuuliza mtu kitu. Hilo nilikuwa nalisema kwa kujivuna, na ndilo lililoniponza.

Enzi hizo za Mwingereza magari ya watu wetu Temeke yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na moja lilikuwa la Mzee Shomari, Mzaramo wa hapo hapo: stesheni wagoni kuukuu la ubavu wa mbao, alilonunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mzee huyu alikuwa na binti, Zuhura, na mie nilikuwa nimeshapeleka barua ya posa (aliniandikia karani, mwandiko wangu ungeniharibia), nayo ikakaa kwake mwezi mzima bila jibu. Siku moja akaniita.

"Ramadhani, gari hili linapiga kelele mpaka kuku wangu wameacha kutaga. Ijumaa linampeleka mpwa wangu kuoa Ubungo. Linyamazishe, nami nikirudi harusini naifungua barua yako."

"Kumbe hujaifungua, mzee?"

"Haraka ya nini? Nyie Wanyamwezi mlizoea kutembea miezi na mzigo kichwani, mwezi huu mmoja tu unakushinda?"

(Sie na Wazaramo ni watani, hapo hapana kununa. Nikamwambia wao walizoea kulala chali wakingoja nazi ianguke, akacheka, tukaelewana.)

Nikaingia chini ya gari. Bomba la ekzosi lilikuwa zima, ubovu ulikuwa kwenye sailensa, lile kopo la katikati linalomeza mlio: kutu ilishalila tumbo na ndani mlikuwa mtupu. Mpya kwa gari la umri ule haikupatikana, na siku zilibaki mbili. Kuziba tumbo kwa bati la debe na waya ilikuwa kazi niliyoizoea, lakini ndani niweke nini? Nikakumbuka kule gereji niliwahi kufagia uchafu wa sailensa iliyopasuliwa, nikaona nyuzinyuzi. Sikujua ni nyuzi za nini. Nikajisemea, nyuzi ni nyuzi.

Sasa nyuma ya nyumba ya mzee palikuwa na shimo la maji ambamo mkewe, Bi Mwanaidi, aliloweka makumbi ya nazi ya kusokotea kamba. Nikaomba, nikachota ndoo nzima.

"Makumbi ya nini, mwanangu?"

"Siri ya ufundi, mama."

Akanitazama, akarudi kwenye kamba yake. Ningemwambia neno moja tu ningepona. Kwetu Tabora sikukulia kwenye minazi, na Dar nilikuwa na mwaka wa tatu lakini nakula hotelini, jikoni kwa mtu sijaingia, kwa hiyo sikujua jambo analolijua kila mtoto wa Pwani: kumbi kavu likishika moto halizimiki kirahisi, linafuka kutwa, na wanawake wa mtaa huombana moto na kuubeba humo humo kutoka nyumba hadi nyumba.

Nikayashindilia yakiwa yanachuruzika maji, nikaacha njia ya moshi katikati, nikafunga bati, nikakaza waya. Nikawasha gari. Kimya! Nyuma ulitoka mvuke mweupe kidogo, basi. Mzee Shomari akalizunguka gari mara mbili, akanipiga bega.

"Ijumaa utaendesha wewe."

Ijumaa baada ya Alasiri tukaondoka. Mbele mie, mzee, na bwana harusi kwa kanzu nyeupe pee. Nyuma Bi Mwanaidi, shangazi mmoja mnene, na Zuhura amepakata chetezo cha udi. Nikawa namwona kwenye kioo, nikajiona nimeshaoa. Tulipofika Magomeni shangazi akaanza.

"We Zuhura, udi umeshauwasha? Si tulisema mpaka tufike?"

"Sijawasha mie, shangazi."

"Sasa nani anatufukiza humu?"

Bi Mwanaidi akanusa. "Huu si udi. Huu moshi wa kumbi."

Hapo ndipo pa kusimama. Mtu mwenye akili angesimama. Mie nikajibu, "Dawa ya sailensa hiyo, mama, inakauka. Dawa ya Kizungu." Nikakanyaga mafuta, na gari likazidi kuwa zito, linapumua kwa shida kama mtu mwenye pumu, na moshi unapanda kwenye mbao za sakafu mpaka shangazi akafunika pua kwa kanga.

Ubungo ilikuwa mashamba bado. Wazee wa bibi harusi wameshaketi kwenye jamvi, sheikh katikati. Bwana harusi akashuka, akasimama pembeni mwa jamvi ajinyooshe kanzu. Ningewaacha wote washuke hapo hapo, yakaisha. Lakini nikataka wanawake washukie mlangoni kwa heshima, na nikataka (niseme kweli) wazee wasikie gari lilivyo kimya, basi nikarudi nyuma, nyuma, mpaka bomba likawaelekea watu wa jamvini. Gari likataka kuzima. Nikalikanyagia mafuta mpaka chini.

Puu!

Makumbi yakatoka yote kwa mkupuo, mengine mekundu kama makaa, yakawamwagikia wazee. Sheikh aliruka kama kijana. Bati nalo likapasuka, gari likanguruma kuliko zamani, bwana harusi kajaa masizi kuanzia kofia mpaka viatu, na chini ya mbao moto ukaanza kulamba. Wote wakaruka chini; Bi Mwanaidi akanyakua ndoo ya maji ya kunawia mikono, akamwaga chini ya gari, kisha jamvini. Nikazima injini.

"Mmekuja kuoa au kutuchoma?" mzee mmoja akafoka.

Sheikh akauliza, "Nani kalitengeneza gari hili?"

Mzee Shomari hakunitaja. Akatazama viatu vyake.

"Mie," nikasema.

"Umetia nini?"

"Makumbi, sheikh."

Watu wakacheka, na Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Nikaha ilifungwa, bwana harusi kaazimwa kanzu iliyoishia chini kidogo ya magoti. Tukarudi Temeke gari linaunguruma njia nzima, watu wanatoka majumbani kututazama, na kama mzee alisema neno, sikulisikia.

Siku ya pili Bi Mwanaidi akaniletea barua yangu, haijafunguliwa, na kumbi moja juu yake.

"Mzee kasema iende tena siku gari litakaponyamaza kweli. Na mie nakwambia, nilikuuliza."

Miezi mitano nilitafuta. Mwisho nikapata mabaki ya gari la aina ile lililotupwa kichakani kule Kibamba, sailensa yake bado nzima. Nikaifungua, nikamuuliza fundi wa kuchomelea kila swali lililonijia kichwani mpaka akakasirika (ndipo nikajua zile nyuzi ni za kioo, haziungui), nikaifunga kwenye gari la mzee. Likanyamaza. Barua ikaenda tena, katika bahasha ile ile chafu, na safari hii ikafunguliwa.

Leo nina gereji yangu. Sitii kitu ndani ya gari la mtu kabla sijauliza ni kitu gani na kinafanya nini kikipata joto, hata kama wa kumuuliza ni bibi anayesokota kamba. Zuhura haniamini. Nikimaliza gari anatoka jikoni, anapita nyuma ya bomba, ananusa, halafu anarudi zake ndani.