Kizuizi cha Barabara ya Lamu

Wiki jana nilipita kizuizi cha barabara ya Lamu, nikakumbuka alasiri moja nikiwa mdogo, tulipokuwa tukimpeleka hooyo, mama yangu, hospitali akiwa na uchungu wa kujifungua. Gari lilinuka matope na dizeli.

"Barabara imefungwa," askari alisema. "Ngojeni msafara wa ulinzi kesho."

"Wallahi, afande, huyu hafiki kesho," baba alimwambia.

Nilidhani barabara hufungwa kwa ufunguo kama duka, nikamwomba askari autafute. Alicheka, akanipa biskuti. Punde likaja gari la mheshimiwa, askari wakaliinulia chuma cha kizuizi, likapita. Nikamwambia hooyo kwa furaha kwamba ufunguo umepatikana. Sasa najua barabara ilifungwa kwetu tu. Kesho yake tulimzika hooyo, yeye na mtoto.