Nilisema Nilionewa, Wakadhani Ninaongelea Kesi

Admin, jina langu lifiche, na wewe utakayenitambua kwa maelezo naomba uninyamazie. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na binti mmoja, tunaishi Tunduma. Nilikuwa mpakiaji mizigo pale mpakani, mtu wa maneno mengi na utani, hadi wateja wa upande wa Zambia walinizoea. Mwaka juzi nilikamatwa kwa sukari ya magendo ambayo hata mfuko wake sikuushika. Nikakaa mahabusu miezi minane, kisha kesi ikafutwa.

Kilichonipata mle ndani nakiandika mara moja tu. Nyapara wa chumba chetu, mahabusu mwenzetu aliyepewa kutusimamia, na wenzake wawili waliniingilia kwa nguvu. Si mara moja. Nilimwambia askari mmoja, akanijibu kwamba mwanaume mzima hasemi mambo hayo. Nikanyamaza.

Nilipotoka, mama yangu alichinja jogoo kwake Mbozi, majirani wakaja, wazee wa kanisa wakaomba. Nilikuwa napasuka moyo, nikaona nimwambie yeye. Tulikuwa shambani tunachuma kahawa, wawili tu. Mdomo ukakataa kulitamka jambo lenyewe, nikasema, "Mama, kule ndani nilionewa."

Mama hakuacha kuchuma. "Tunajua, baba. Hata Mungu anajua ile kesi walikusingizia."

Jumapili akasimama akashuhudia kwamba mwanawe alionewa na Mungu akamtoa, wakapiga vigelegele. Tangu hapo kila mtu ananipa pole ya kesi, na pole yangu mwenyewe hakuna anayenipa. Nilirudi Tunduma mpweke kuliko nilivyokuwa selo.

Siwezi kukaa mtu akapita nyuma yangu. Bafu letu ni la mabati, la wapangaji wote, naoga wakishatoka. Mke wangu akinigusa nashtuka, naye ameanza kuhisi nina mwanamke nje. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda hospitali kwa mama mmoja wa ushauri nasaha. Alinisikiliza bila kunishangaa, nikalia mbele yake nusu saa. Akaniambia mficha uchi hazai. Alikuwa na nia njema, ila methali ile siku hiyo ilinichoma.

Kisha mke wangu akaikuta kadi ya hospitali, akauliza ni ya nini. Nikasema mgongo. Hapo ndipo nilipokosea. Amenunua dawa ya kuchua, kila jioni ananivua shati ananisugua, nami nakaza meno. Juzi aliniuliza taratibu, "Baba Neema, kule walikupiga?" Nikasema ndiyo. Akalia, mkono wake ungali mgongoni kwangu. Nilitamani aulize tena. Hakuuliza.

Sasa yule mama wa hospitali anataka Alhamisi niende na mke wangu. Nikimwambia ukweli, naogopa hataniona mwanaume tena. Nikinyamaza, ataendelea kuuchua mgongo usiouma, na siku moja atafunga mizigo akiamini nina mwingine. Mtakaonitukana sawa, nimeshazoea. Ila aliyewahi kupitia hili, au mke aliyewahi kuambiwa na mumewe, anishauri. Nimefika mara tatu mlangoni pa jikoni nikitaka kuanza, nikaishia kuomba maji ya kunywa. Nianze na neno gani?