Baragumu la Kutua Mizigo

Baba yangu alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, mzaliwa wa Kwihara. Mama yangu alizaliwa Isikizya. Mimi sikuingia darasani. Haya ananiandikia mjukuu wangu, na nimemwonya asipambe neno. Wasomaji wangu, jirani yangu wa ng'ambo ya kisima amefariki, na kabla hajafa watu walisema ninayemuua ni mimi.

Babu yake aliongoza misafara iliyopita hapa kuelekea Ujiji, na jirani alirithi baragumu lake la pembe. Alizoea kutueleza kwamba likilia mlio mmoja mrefu, kila mpagazi alitua mzigo papo hapo. Asiyetua aliwaangusha walio nyuma yake. Jirani alipoanza kukonda na kutokwa damu puani, hospitali ikasema ni saratani ya damu. Wanawe wakalishika neno damu, wakayatazama macho yangu yaliyoiva kwa moshi wa kuni, wakayaona mekundu ya mchawi, wakaacha kuniamkia. Kwetu kijana akikupita bila shikamoo wakati kuna mgonjwa, hajasahau adabu, ameshakata hukumu. Nikawa nafunga mlango kwa gogo jua likiwa bado juu.

Mjukuu wangu, anayesomea kazi ya maabara, akanishika mkono tukaenda kumwona. Mgonjwa akamuuliza, "Mjukuu, nani kanitupia hili?"

"Hakuna, babu. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo mna seli mama zinazozaa damu. Seli hupelekeana ujumbe: zaa, pumzika, kufa. Iliyoharibika ikiambiwa ife, hujivunja yenyewe kimya kimya, nyingine zikaishi. Kwako njia ya ujumbe imekatika. Hazifi, zinazidi kuzaana, na damu nzuri inakosa nafasi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe wapagazi wangu hawasikii baragumu."

"Viziwi kabisa, babu."

Akanigeukia. "Nami nilidhani wewe ndiye uliyewaziba masikio."

"Ningeanza kukuziba wewe mdomo," nikamjibu.

Akaomba pembe yake. Ilitoa mlio dhaifu, lakini wanawe waliusikia wakaja mbio, na majirani nyuma yao. Akawaambia, "Huyu mama hajanifanya lolote. Tueni."

Siku chache baadaye tulimzika. Mwanawe mkubwa akanijia makaburini: "Shikamoo, bibi." Niliitika marahaba, huku macho yangu yakiwa kwenye panga alilofyekea njia ya jeneza. Mpaka leo, alfajiri, nalisikia lile baragumu, na mkono wangu unatafuta gogo la mlango. Tumefundishwa kuogopa kifo. Mimi sasa naogopa zaidi kitu kilichoambiwa kife kikakataa: seli katika uboho, shutuma katika kijiji.

Wewe unayeandika, tunza maneno uliyomwambia mzee, kama ulivyoyasema. Majina ya vijana wale usiyatunze. Na ukiona bikizee anapitwa bila salamu, mwamkie wewe, tena kwa sauti, njia nzima isikie.