Betri Juani Woolwich

Mwezi wa Oktoba mume wangu aliifunika pikipiki yake kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kufunikwa: turubai, kamba, hata blanketi la zamani la watoto. Akaiacha uani mpaka Machi bila kuigusa, kwa sababu, alinieleza, kitu kikipumzika kinapata nguvu. Yeye mwenyewe aliifuata kanuni hiyo kwenye sofa, tangu walipopunguza watu kule ghalani alikokuwa akifanya kazi.

Machi akapata kazi ya kupeleka vifurushi. Aanze Jumatatu, na pikipiki yake. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Jumamosi akaifunua, akawasha. Tik. Akajaribu tena. Tik.

"Imekufa," nikasema.

"Imelala," akanisahihisha. "Inataka jua tu, Mama."

Nilidhani anatania. Bwana mkubwa akaing'oa betri, akaipandisha ghorofani, akaianika kwenye roshani kama visamaki vya omena. Ni kweli, kwetu betri za redio zikichoka tulizianika juu ya bati, na jioni taarifa ya habari ilisikika. Lakini lile lilikuwa jua. La huku ughaibuni, Woolwich, mwezi wa Machi ni tetesi tu.

Binti yetu akachungulia. "Dad, it's not charging, it's just getting wet."

Manyunyu yalikuwa yameanza, betri ikilowa badala ya kuchaji. Baba mtu akaenda kuifunika betri yake kwa mwavuli wangu.

Hapo nikachoka kuwa mke mwema. Nikaitia betri kwenye mfuko wa sokoni, nikamkokota na mume wangu hadi kwenye treni ya Southall, upande wa pili wa jiji, kwa fundi mmoja mzee, Mhindi mzaliwa wa Nakuru. Akaipima.

"Hii kwisha kabisa. Imekaa baridi yote bila chaji. Betri haifi kwa kazi, bwana, inakufa kwa kukaa. Ya zamani?"

"Nilinunua pikipiki ikiwa nayo," mume wangu akamjibu, akitazama dari.

"Na mbona imelowa?" Mzee akamkazia macho. "Ulianika?"

Mume wangu akarudisha macho darini. Mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Hata mimi, baridi yangu ya kwanza hapa. Dirishani!" Akatuuzia mpya, akatuagiza Oktoba tuing'oe, tuiweke ndani na kuichaji kila mwezi.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mume wangu akaifunga betri mpya, akawasha. Pikipiki ikanguruma papo hapo. Hakuipanda. Alisimama na mkono juu ya tangi, akaiacha ingurume tu.

Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtosha mpaka Krismasi. Yakanikauka. Baridi yote nilikuwa nikimtazama pale kwenye sofa, kila juma akizidi kunyamaza, na niliogopa. Mzaha wangu wote ule ulikuwa woga.

"Si nilikwambia," akasema, "ilikuwa imelala tu."

Betri anayoisema tulikuwa tumeiacha Southall, kwenye rundo la maiti wenzake. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa imelala.