Mlangilangi wa Ndoo

Siku yangu ya kwanza kitaluni Mikocheni, Bwana Miti, ndivyo tulivyomwita afisa misitu wetu, alinipa kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche, akaniambia nikichane. Ndani mizizi ilikuwa imejizonga kama nywele zisizopita kitana.

"Huu umekaa ndani kupita muda wake," alisema. "Ukiupanda hivi hivi, utajinyonga wenyewe. Mizizi iliyojizonga inakatwa, Mwanaidi. Huruma iache nyumbani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nazeeka: kuotesha, kuzoesha miche jua kidogo kidogo, kukata mizizi.

Mume wangu Salumu alikuwa fundi cherehani Manzese, tulikopanga chumba. Alipenda langilangi, maua ya kutia kwenye nywele. Nikamletea mche. Mwenye nyumba hakutaka mti uani kwake, basi Salumu akaupanda kwenye ndoo ya rangi.

"Tutahamia nao Kibamba," alisema. "Utanukia mpaka kwa jirani."

Kibamba tulikuwa tunajenga kwa kudunduliza. Kila nikimwambia ndoo imekuwa ndogo, alicheka: "Subiri tuezeke, mke wangu." Nami nilisubiri. Salumu alifariki bati limeshapigwa, madirisha bado.

Nikakaa eda, nikatoka, nikahamia Kibamba peke yangu na ndoo. Sikuupanda. Nilijua fika kinachoendelea mle ndani, lakini ule udongo aliujaza yeye kwa mikono yake. Majani yakaanza kupukutika.

Siku moja Bibi Miti, aliyeshika nafasi ya Bwana Miti, alikuja kunijulia hali. Umri wake ni wa mimi kumzaa.

"Shikamoo mama. Huu mti wa nani?"

"Wa marehemu."

Aliinama, akaigusa ndoo. "Mama, kukata mizizi umenifundisha wewe. Nikukatie mie?"

"Acha. Nitakata mwenyewe."

Tukaipasua ndoo. Mizizi ilikuwa imeshika umbo lake, duara tupu. Nilikata huku nalia kwa sauti, majirani wakisikia na wasikie. Tukaupanda karibu na mlango. Majani yaliyobaki yakaanguka yote, nikasema basi, na huu nimeuzika.

Masika yalipokolea, chipukizi likatokeza ubavuni mwa shina. Nilikaa pale pale mchangani nikilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia njaa.

Sasa nimestaafu. Nyie vijana mnaojenga, msikieni bibi yenu: mti haungoji bati. Nafasi kiwanjani ilikuwepo miaka yote ile. Tungeupanda, nyumba ingeukuta, na Salumu angeyaona maua yake. Hilo linaniuma mpaka leo, wala silifichi.

Mwaka huu umechanua. Jioni nilichuma maua, nikayatia kwenye nywele, nikakaa kizingitini. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Bi Mwanaidi, mbona kunanukia hivyo? Leo kuna nini kwako?"

"Mume wangu," nikamjibu. "Amehamia."